Muulize Shangazi: Nimehamia Dodoma, lakini kila Ijumaa nipo stesheni

Safari hii barua ni tatu tu, na zote zinatoka Dodoma. Si kwamba mikoa mingine haikuandika. Hii ya kwanza imenishika, na jibu lake limekataa kufupishwa. Wa Mwanza na Mtwara mtanivumilia.

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 37. Nimezaliwa Ilala, nimekulia Tabata, na ukiacha miaka ya chuo sikuwahi kuishi nje ya Dar mpaka nilipohamishwa. Wizara yetu ipo Mji wa Serikali, Mtumba, nami nimepanga Ilazo. Mwanzoni nilikuja peke yangu. Mwaka huu mume wangu naye kapata kazi huku, watoto wawili tumewatafutia shule huku, kwa hiyo kwenye makaratasi tumeshahama.

Lakini huu mji siujui, Shangazi. Najua njia ya kazini, njia ya shule na njia ya supamaketi, basi. Ijumaa ikifika, kama si wiki hii ni ijayo, tunapanda treni kwenda Dar. Msusi wangu yuko Tabata. Fundi wangu wa nguo yuko Tabata. Kanisa langu ni la huko. Samaki nanunua Feri, nawagandisha kwa mama, nawaleta kwenye begi la barafu. Jumapili usiku tunarudi hoi, Jumatatu kazini. Ukipiga nauli ya watu wanne kwenda na kurudi utalia.

Majirani siwajui, kila nyumba ina ukuta na geti. Vumbi limenishinda, ngozi imekauka, maji yana chumvichumvi. Mume wangu anasema tutulie. Namuuliza, tutulie tufanye nini, huku kuna nini? Juzi mwalimu kamuuliza mdogo wetu anakaa wapi, mtoto wa miaka sita, akajibu: "Nyumbani Tabata, huku tunakaa kwa ajili ya shule." Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka.

Nianzie wapi?

*Mama wa Ilazo*

Marahaba mwanangu.

Mtoto usimgombeze, kasema analoliona. Nyinyi mmehamisha vyombo. Mengine yote yapo Tabata, na kila Ijumaa mnakwenda kuyasalimia.

Nitakuambia jambo ambalo hutalipenda. Shida yako si Dodoma, ni treni. Tangu hiyo treni ya umeme ianze kubeba abiria mpaka huku, Julai 2024, mambo yamekuwa mepesi mno. Kwa saa tatu na kitu, nne hivi, uko Dar. Zamani basi lilikula kutwa nzima, na mtu alifikiri mara mbili kabla ya kukata tiketi. Mimi nililetwa huku miaka ya themanini na mume wangu, mtu wa reli, tukitokea Tabora. Mimi mtu wa Pangani, mtoto wa nazi na samaki, nikateremshwa kwenye mji ambao mti wake mkubwa ni mbuyu. Unafikiri nilikuwa na moyo mgumu kuliko wako? Sikuwa na njia. Treni ya wakati ule ilikuwa inalala njiani. Kwa hiyo nikasuka nywele hapahapa, nikashona hapahapa, nikaugua na kuuguza hapahapa, na mji ukanijua kabla mimi sijaujua.

Sasa wewe una njia, na ndiyo maana itabidi uamue mwenyewe kile ambacho mimi niliamuliwa na ratiba ya reli. Kaeni miezi mitatu bila kwenda Dar. Msiba wa karibu, nendeni. Harusi ya ndugu wa damu, nendeni. Harusi ya mtoto wa bosi wa zamani wa mume wako, tumeni mchango kwa simu. Ukiniuliza kwa nini mitatu, ni kwa sababu mwezi wa kwanza utanung'unika, wa pili utachoka kunung'unika, na wa tatu kuna mtu sokoni ataanza kukuwekea kitu chako.

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Watu wanadhani kuujua mji ni kujua mitaa. Mitaa hata simu inaijua. Wewe unatafuta watu wa kukuuliza "mbona hukuonekana?" Watano tu wanatosha: msusi, fundi cherehani, muuza genge, muuza nyama na mtu wa duka la dawa. Na usiwachague wote Ilazo. Nitakueleza sababu.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa 1973, kabla hujazaliwa. Watu wakasubiri zaidi ya miaka arobaini. Wengine wakageuza jambo lenyewe mzaha. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama, wizara zikaanza kufungasha, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Njedengwa zimejaa kwa kasi hiyo. Maana yake ni nini kwako? Huo ukuta wa jirani, nyuma yake yuko mtu wa Moshi au wa Songea ambaye naye hajui amsalimie nani, na labda naye Ijumaa yuko stesheni. Unamwona mkavu, naye anakuona mkavu. Mtaa mzima mmehamia, kila mmoja anasubiri mwenyeji aje kumkaribisha, na mwenyeji hayupo.

Kwa hiyo una kazi mbili, na ni tofauti. Ya kwanza ni kuwajua hao wenzako wa kuhamia. Ya pili ni kuijua Dodoma yenyewe, na hiyo haipo Ilazo.

Ya kwanza ni rahisi. Jumamosi asubuhi pika vitumbua, najua unajua, weka kwenye sahani nzuri, mpe mtoto apeleke geti la kulia na mwingine geti la kushoto. Usitumie kifungashio cha plastiki. Sahani itabidi irudishwe, na sahani ya watu hairudi tupu. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Nina hakika hujawahi kukanyaga, nyinyi watumishi mnaijua pale tu mnapotaka barua ya utambulisho. Mwone mtendaji, mwone mwenyekiti, mwambie mnakaa nyumba namba fulani. Tangu waweke vibao vya anwani za makazi hakuna kisingizio cha "nyumba ile yenye geti jeusi". Muulize kama mtaa una kikundi cha kufaana kwenye misiba. Jiandikishe, toa mchango. Ukisikia turubai limefungwa mtaani, funga khanga yako uende, hata kama marehemu humjui. Kaa na kina mama, menya vitunguu, sikiliza. Nimeishi miji minne na sijaona njia ya haraka kuliko hiyo ya kujua nani ni nani. Mume wako naye akakae na wanaume kwenye viti vya nje. Asirudi nyumbani baada ya dakika kumi eti hamjui mtu.

Ya pili inataka miguu. Siku moja acha gari nyumbani, panda daladala mpaka katikati, shuka Jamatini. Nenda ukaione stesheni ya zamani ya reli. Wajerumani waliufanya huu kuwa mji wakati wanajenga Reli ya Kati, kwa hiyo pale ndipo kitovu, si Mtumba. Tembea polepole. Utapita maduka ya Kihindi ya zamani, utaona kanisa la Anglikana lenye kuba, fika Nyerere Square jua likianza kulegea uone watu wanavyopigwa picha. Hapo utagundua kwamba mji wa zamani ni mdogo na unatembelewa kwa mguu. Ukubwa unaokuchosha ni ule wa mipango: eneo hili huku, eneo lile kule, katikati pori. Mitaa yenyewe mingine hata majina haikupewa, ikaachiwa herufi, Area C, Area D. Hilo ni deni la wapima ramani, si kosa lako.

Soko nenda Majengo. Jengo kubwa la soko la Job Ndugai kule Nzuguni, karibu na stendi ya mabasi ya mikoani, lina nafasi na mpangilio, na kwa manunuzi ya jumla linafaa. Kwa mtu anayetaka kujulikana, Majengo. Chagua mama mmoja wa mboga, nunua kwake hata kama wa pembeni kashusha bei. Baada ya muda muombe akufundishe mlenda. Uko wa aina nyingi: wa majani mabichi, na ule uliokaushwa ukatwangwa ukawa unga, unaokaa miezi bila friji. Unapikwa na karanga, unaliwa na ugali wa uwele au mtama. Watoto wako wataukataa. Usilazimishe, kula wewe mbele yao na kelele za kufurahia. Mimi mtu wa nazi nilichukua muda, na sasa nikienda Pangani naubeba.

Umetaja samaki wa Feri mpaka nikahurumia lile begi la barafu. Mwanangu, kuna bwawa la Mtera hapo chini, njia ya Iringa. Perege na kambale wanaletwa mjini. Si changu wala kibua, sikudanganyi, na ukiwapika kama wa bahari watakuudhi. Wakaange wakauke, kisha waunge kwa ukwaju na nyanya nyingi. Nazi utaipata, bei yake ndiyo itakukumbusha uko wapi.

Halafu Msalato. Nashangaa mtu amekaa Dodoma na hajaenda mnadani. Ni kila Jumamosi, njia ya Arusha, nje kidogo ya mji. Nendeni wote, nendeni mapema kabla jua halijawa kali, vaeni viatu vya kufunga kwa sababu ya vumbi. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi wananadiwa, utaona Wagogo, Wamasai na Wabarabaig wakibishana bei kwa utulivu unaotisha. Upande mwingine mitumba, sufuria, kamba, majembe, dawa za mizizi. Na moshi wa nyama. Usikae mezani ukasubiri kuhudumiwa. Nenda mwenyewe kwenye bucha, onyesha kipande cha mbuzi unachotaka, kipimwe ukiangalia, kisha umkabidhi mchomaji. Hela ya kuchoma uulize kabla. Kuna pilipili na chumvi, ndizi za kuchoma, maji ya kunawa mikono. Mtoto aliyesema huku ni kwa ajili ya shule mwache amshike mbuzi masikio, halafu umuulize tena anakaa wapi.

Kuhusu vumbi na ngozi sina muujiza. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100, na hewa yake kavu. Losheni nyepesi za Dar zitupe, paka mafuta mazito ukiwa bado na unyevu wa kuoga. Juni na Julai usiku ni baridi kweli, watoto wapeleke shule na sweta, na baada ya hapo inakuja miezi ya upepo. Chumvi kwenye maji ni kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya mji huu yanatoka ardhini, visima vya Mzakwe. Ya kunywa watu wengi wananunua, ya kufulia utaongeza sabuni. Na uwe na tanki. Mgao ukija unakuta umejiandaa.

Ila ushike kalenda ya hapa, maana ndiyo inayokutoa ugeni. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Yale makorongo unayoyaona makavu, yenye mchanga na watoto wanaocheza mpira, yanaamka kwa nusu saa, usipitishe gari humo kwa kuiga wengine. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na wakati huo zinauzwa barabarani kwa bei ambayo ndugu zako wa Dar hawataamini. Siku moja nendeni Hombolo mkaone mashamba yenyewe na bwawa. Aprili mpaka Juni ni Bunge la Bajeti: gesti zinajaa, mama lishe wanapandisha bei ya sahani, bajaji zinajifanya hazisikii bei ya kawaida. Usipange wageni miezi hiyo kama huna chumba chao.

Wageni waalike. Hili nalisisitiza. Badala ya wewe kupanda treni kila Ijumaa, mwambie mama yako apande yeye. Mtu anaujua mji wake siku anapomtembeza mgeni. Utalazimika kujua Chinangali Park inafungwa saa ngapi, msikiti wa Gaddafi uko upande gani, nani anachoma kuku vizuri. Akikaa siku nyingi, mpelekeni Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ni safari ya asubuhi mpaka jioni, barabara ya Arusha hiyohiyo. Na jiandae, ndugu wa Dar lazima watakuuliza kama unakaa karibu na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, halafu wacheke wenyewe. Hospitali ile imetibu watu tangu enzi za Mwingereza na utani ule una umri huohuo. Wape chai, waache.

Msusi. Najua ndilo gumu kuliko yote, kanisa utapata kesho lakini msusi ni ndoa. Mwulize mwanamke yeyote ofisini ambaye kichwa chake umekipenda, nenda naye, kaa. Atakusuka vibaya mara ya kwanza? Inawezekana. Mwambie hapohapo unavyotaka, urudi tena. Saa nne za kusukwa kwenye saluni ya Makole au Chang'ombe zitakupa habari za mji kuliko mimi.

Na nyumbani kwako acheni kusema "tunakwenda nyumbani" mnapokata tiketi. Semeni "tunakwenda kwa bibi". Mtoto hasikii unachomfundisha, anasikia unachoongea na baba yake.

Shangazi shikamoo,

Nina miaka 26, natokea Bukoba, nimeajiriwa hapa Dodoma na nimepanga chumba Nkuhungu. Kazini wote ni watu wazima wenye familia. Jioni nikirudi ni simu mpaka nilale. Wenzangu wachache wananiambia twende baa, mimi pombe situmii na mshahara wenyewe unaujua. Mtu asiyekunywa anapataje marafiki mji mgeni? Halafu kuna jirani keshaniomba nimkopeshe elfu hamsini.

*Kijana wa Nkuhungu*

Marahaba.

Elfu hamsini usitoe. Mwambie mshahara umekwenda Bukoba, maana najua kweli umekwenda. Mgeni anayekopesha mwezi wa kwanza anapata wateja, hapati marafiki.

Sasa marafiki. Tafuta kijiwe cha kahawa karibu na kwako, kile chenye benchi, birika la mkaa na watu wanaobishana juu ya mpira na draft. Kikombe ni hela ndogo. Nenda saa ileile, kaa palepale, na siku za mwanzo usibishe kuhusu Simba na Yanga, sikiliza tu ujue nani mkali. Wiki ya pili wakikuuliza wewe timu gani, wajibu bila woga. Hapo umeshaingia.

Mechi za Dodoma Jiji zikichezwa Jamhuri nenda na watu wa kijiwe, si peke yako. Kama unasali, ingia kwaya au kikundi cha vijana, na si lazima uwe na sauti. Wapo wabeba spika na hao ndio wanaojulikana. Vikundi vya kukimbia asubuhi Jumamosi vipo kila upande wa mji, unavaa raba tu unaungana. Wengine hupanda Mlima Simba. Nenda na kundi, beba maji, na usipande jua likiwa utosini.

Kingine, mwenye nyumba wako. Vijana mnamwona siku ya kodi tu. Jumapili ukimkuta anamwagilia miche yake, chukua ndoo.

Dada yangu Shangazi, mbukwa!

Nakusoma toka zamani, leo naandika kwa hasira kidogo. Mimi ni Mgogo wa hapa, baba yangu kazikwa hapa. Watumishi waliokuja wanapita mbele yetu kama tunapita sisi. Hawasalimii. Ukifungua mdomo wanakutania ombaomba. Mwingine aliniuliza usoni, "Hivi Wagogo wenyewe wako wapi?" Nilikuwa nimekaa mbele yake namuuzia karanga. Waambie.

*Mzee wa Chang'ombe, Dodoma*

Mbukwa kaka yangu.

Nimewaambia, na ndiyo maana barua yako nimeiweka ukurasa mmoja na ile ya kwanza, waisome kwa pamoja.

Wanangu, wakati wa miaka ya njaa watu wa huku walishuka kwenda mijini kutafuta chakula, kwa sababu mvua ya huku ikikosea hakuna mvua ya pili ya kusahihisha. Sioni cha kuchekesha hapo. Watu hao ndio wanaolima uwele na mtama kwenye ardhi ambayo wewe unaiona vumbi, wanafuga, na muziki wao umefika mbali kuliko pasipoti yako: Hukwe Zawose, mtu wa hukuhuku, alipeleka zeze na marimba mpaka Ulaya na Japani. Ukikuta watu wazima wamekaa, anza wewe: "Mbukwenyi." Kama ni mmoja, "Mbukwa." Wataitikia, watacheka kidogo matamshi yako, na bei ya karanga itashuka bila wewe kuiomba.

Lakini kaka, nawe nikuambie, maana umeniita dada. Mgeni akishuka kwenye gari amevaa beji ya wizara, bei ya kuku sokoni inaruka. Nimesimama pale nikaiona ikiruka. Na nyinyi wenye viwanja mlio na wapangaji kutoka Dar, wangapi mmewaita kwenye unyago, kwenye ngoma, au hata kwenye sahani ya mlenda? Yule aliyekuuliza Wagogo wako wapi alikuwa hana adabu, sikatai. Mara nyingine akija kununua karanga mwambie, "Mimi hapa," halafu mwonyeshe nyumba ya mwenyekiti wa mtaa ilipo. Kuna mama wa Ilazo anaitafuta.

*Toleo lijalo: mpangaji na mwenye nyumba wa Mwanza wanagombania luku. Wameniandikia wote wawili, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja anaapa.*